Upawa wa Berend Harmsen

Wauzaji wa kofia za vita walimwogopa Wessel Harmsen kuliko walivyomwogopa mtu wa kodi. Akiingia tu kwenye ukumbi wa gulio pale Arnhem, na lile koti lake lenye madoa ya rangi, kuna vitu vilivyorudi chini ya meza ghafla, na wenye meza wakakumbuka kwamba wana haja ya kwenda msalani. Kazi yake ilikuwa kupaka nyumba za watu rangi. Mkewe aliondoka zamani, akisema nyumba moja haimtoshi yeye na kutu pamoja. Na kofia ya chuma ya askari wa miamvuli wa Kiingereza, ukiweka kando chuma na ngozi, ni rangi tu: kijani kilichokolea, kilichochanganywa na mchanga ili kisimetemete juani. Wessel aliikwaruza kwa ukucha, akanusa, akajua kama ilipakwa wakati wa vita au ilipakwa Jumanne iliyopita.

"Hii ilivuliwa kichwani mwa luteni aliyefia darajani," Toon, muuzaji mmoja mnene kutoka Brabant, alimwambia siku moja mbele ya wateja.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

"Luteni marehemu?"

"Ah, wewe nawe! Mjukuu wa mzee aliyeiokota. Mbona unapenda kuniharibia siku, Wessel?"

"Kofia isome, Toon, usiisimulie. Hapa inasema ilikaa ghalani maisha yake yote. Hapa inasema mkanda wa kidevuni umetoka kwenye kofia nyingine. Huyo luteni wako sioni alipokaa."

"Basi nenda kalale nayo, labda itakutajia na jina la mama yake!"

Watu walicheka, lakini kofia haikuuzwa. Hilo ndilo lililokuwa neno la Wessel, na alilirudia hadi likawachosha watu: isome, usiisimulie. Hakuna alichokichukia kama hadithi ya uongo iliyovishwa kipande cha chuma ili kipande kipate bei. Aliona ni kumwibia marehemu mara ya pili.

Wengi walidhani anapenda chuma. Hawakujua kwamba kila kofia aliyoishika aliigeuza kwanza ndani, akatafuta chini ya ngozi kama kuna jina au namba, kwa sababu askari wengi waliandika humo kwa rangi au kwa ncha ya kisu. Alikuwa akitafuta jina moja tu, Pask. Alianza kulitafuta tangu ujana, na sasa alikuwa na miaka hamsini.

Vijiji vya pale kando ya Rhine, magharibi ya Arnhem, vina jambo lao. Kila Septemba Waingereza hurudi, waliopigana pale na ndugu wa waliofia pale, na hawaendi hotelini. Kila nyumba ina Mwingereza wake. Utasikia dukani mtu akiuliza, "Yule bibi mwenye mwavuli mwekundu ni Mwingereza wa kina nani?" na akajibiwa jina la familia, kama vile anaulizwa juu ya ng'ombe aliyepotea. Watoto wa shule nao kila mmoja ana kaburi lake la kuwekea maua, na wanagombana kabisa juu ya kaburi la nani ni zuri.

Mwingereza wa kina Harmsen alikuwa Winifred Pask, Winnie, mpishi wa shule kutoka mji wa machimbo ya makaa huko kaskazini mwa Uingereza. Yeye hakuwa na kaburi. Mdogo wake, Leonard, alishuka kwa mwamvuli Septemba ya mwaka 1944, wenzake wakamwona mara ya mwisho akikimbia kati ya nyumba za kijiji hiki hiki, basi. Jina lake liliandikwa kwenye ukuta wa waliopotea, mwendo mrefu kutoka pale, na Winnie alisema kugusa ukuta ule ni sawa na kugusa ukuta wa posta.

Jinsi alivyokuja kuwa wa kina Harmsen, kijiji kiligeuza kichekesho. Mwaka wa kwanza, mchungaji alisimama ukumbini mwa kanisa akitaja majina ya wageni ili wenyeji wanyooshe mikono. Dina, mama yake Wessel, mwanamke asiyefungua mdomo hata kwenye harusi, alinyoosha mkono kabla mchungaji hajamaliza jina la Winnie. "Kama mtu anayenunua ndama mnadani!" watu walisema. Berend, mumewe, aliyeketi pembeni yake, aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Tangu hapo Winnie hakukosa mwaka. Aliwatania kwa kahawa yao ya biskuti moja moja: "Dina, hilo kopo mnalifunga upesi mnaogopa biskuti zitashikwa na baridi?" Berend hakuketi naye mezani hata siku moja. Kila Septemba alikuwa na kazi ng'ambo ya shamba, mpaka kiharusi kilipomchukua. Winnie alimwita Wessel mwanangu, naye akamwita shangazi, na kila mwaka alimwonyesha kofia mpya alizozipata, akamfundisha namna ya kuzisoma. Winnie alisikiliza kama mwanafunzi. "Mpishi anajua kusoma sufuria," alisema.

Na kila mwaka, jioni ya kwanza, baada ya supu ya njegere, alisimulia hadithi ile ile. Len alipokuwa mdogo aliogopa giza. Baba yao alikuwa ameshafia mgodini, mama yao alifua nguo za watu hadi usiku, na Winnie, aliyemzidi miaka sita, ndiye aliyemlaza. "Nikamwambia, ukiogopa niite tu. Popote nilipo, nitakuja. Basi mtoto yule akawa ananiita hata akidondosha soksi!" Hapo alicheka mpaka akafuta macho. Na hapo, kila mwaka, Dina aliinuka kwenda kuangalia birika.

Nyuma ya banda la zamani la nguruwe kulikuwa na mwaridi. Winnie aliuleta mche wake mwaka ule wa kwanza, ukiwa umefungwa kwenye soksi yenye udongo, akauliza aupande wapi. Dina alimpeleka mwenyewe. Ulikua ukawa mkubwa kuliko miwaridi yote ya kijiji, wa rangi nyekundu ya kukolea, na Winnie alijisifu: "Mnaona mkono wangu? Sijawahi kuona ardhi nyeusi namna hii."

Mwaka 1994, mwaka wa hamsini tangu vita ile, daktari alimkataza kusafiri. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alipiga simu mwezi Agosti.

"Naja," alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Nikifia kwenye feri, nitupeni humo humo. Lakini nikifika, Wessel, nataka uniambie kitu. Chochote. Sitakuja tena, mwanangu, na sitaki kufa sijui nimemwacha wapi."

"Nitajaribu, Shangazi."

"Umejaribu tangu uko na nywele. Safari hii nipatie."

Alikata simu, na Wessel alibaki ameshika mkono wa simu kifuani. Alilia kidogo. Alimpenda bibi yule kuliko alivyoweza kumweleza mtu yeyote.

Sasa, kuna jambo moja la kueleza juu ya wakulima wa kule baada ya vita. Walirudi kutoka walikohamishwa na Wajerumani wakakuta nyumba hazina mapaa na ng'ombe hakuna, na chuma hakipatikani hata kwa dawa. Kofia za askari zilikuwa zimetapakaa mashambani. Basi walizitoboa ubavuni, wakazitia mpini mrefu wa mti, zikawa upawa wa kuchotea samadi ya maji shimoni. Kofia za askari wa miamvuli ndizo zilizopendwa zaidi, kwa sababu hazina ukingo wa kutokeza, ni za mviringo kama chungu. Nusu ya kofia za Wessel alizipata hivyo, akazichokonoa mavi ya miaka kabla hajaona rangi.

Upawa wa nyumbani kwao aliukumbuka vizuri. Ulikuwa mweusi, umepakwa lami ndani na nje. Alipokuwa mtoto aliuosha mtaroni siku moja akauvaa kichwani kwa mchezo, na baba yake, mtu mpole asiyepiga hata punda, alimzaba kofi likamwangusha. "Hiyo ni ya Mjerumani," alisema, akiupokonya. "Ni ya mavi tu." Wajerumani nao walikuwa na kofia za miamvuli zisizo na ukingo, na Wessel hakuwa na sababu ya kubisha. Baadaye, alipoanza kukusanya, aliuulizia. Berend alisema kamuuzia mnunuzi wa chuma chakavu.

Paa la banda la nguruwe lilikuwa limebonyea, na Wessel aliamua kulibomoa kabla Winnie hajafika, lisije likamwangukia akipalilia mwaridi wake. Alikuwa juu ya ngazi akibandua mbao za dari gunia lilipomteremkia begani. Ndani yake kulikuwa na upawa, mpini umekatwa karibu na chuma. Alijua kwa uzito tu, kabla hajaitazama kofia yenyewe, kwamba haikuwa ya Mjerumani.

Aliipeleka kwenye kibanda chake cha kazi, akailoweka mafuta ya taa, akaanza kuondoa lami kwa kijiti cha mbao, polepole, kama anavyoondoa rangi kwenye mlango wa kanisa. Chini ya lami ulitokea ukingo mwembamba mweusi wa nyuzi zilizoshindiliwa, umezunguka kofia yote kama mshipi. Lile lilikuwa toleo la kwanza kabisa, lililotengenezwa muda mfupi kisha likaachwa, lile ambalo wakusanyaji wa Ulaya nzima hulitafuta na wengi hufa hawajaligusa. Lami ya baba yake ilikuwa imeuhifadhi. Hapo, Mungu amsamehe, Wessel alifurahi. Alicheka peke yake. Alimfikiria Toon atakavyokodoa macho.

Kisha akaondoa lami ya ndani. Herufi zilitokea moja moja, nyeupe, za mkono usio na mazoea ya brashi. PASK L.

Aliketi juu ya kopo la rangi akaitazama kofia, na ile furaha ya kijinga ikamtoka isirudi tena. Baba yake alikuwa ameipaka lami jina hili kwa mkono wake. Alilisoma, akalifunika.

Dina alikuwa jikoni akimenya viazi. Wessel aliiweka kofia mezani, katikati ya maganda. Mama yake hakuuliza ni nini.

"Nilimwambia aitupe mtoni," alisema. "Akaniambia chuma kizuri hakitupwi." Alicheka, kicheko kibaya. "Baba yako huyo. Kaweza kumficha mtu mzima, sufuria ikamshinda."

"Mama, yuko wapi?"

"Keti kwanza."

"Siketi. Yuko wapi?"

"Pale anapopalilia kila mwaka. Unadhani nani alimwonyesha pa kupanda?"

Wessel akaketi.

Dina alimweleza bila kuacha kumenya. Alisema yule kijana alitambaa bustanini amepigwa tumboni, na Berend ndiye aliyetoka chini ya risasi akamvuta ndani, kwa hiyo Wessel asije akasema baba yake alikuwa mwoga. Wakamteremsha chumba cha chini, kule kwenye viazi, walikokuwa wamejificha wao, na bibi yake Wessel, na jirani na binti zake wawili, na Wessel mwenyewe, mtoto wa miezi minne. Kisha Wajerumani wakaishika nyumba. Juu ilikuwa mchana kweupe, chini giza totoro, na viatu vyao vilisikika juu ya vichwa. Jana yake, nyumba ya ng'ambo, walisikia sauti chini ya sakafu, wakatupa bomu la mkono bila kuuliza nani yumo. Dina aliwajua wote waliokuwemo. Alisoma nao.

"Homa ikampanda. Akaanza kuita. Tukampa maji, hakunyamaza. Bibi yako akamwimbia sikioni, hakunyamaza. Akazidi kuita kwa nguvu, na wale juu wakaacha kutembea. Wakatulia, Wessel. Wanasikiliza." Kisu kilisimama, kikaendelea. "Baba yako akachukua mto wa kulalia. Alitaka kumnyamazisha tu. Mpaka anakufa alikuwa akiniambia hivyo, nilitaka kumnyamazisha tu."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Nilishika miguu."

Kiazi kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa kimebaki kidogo kama punje ya haragwe, na bado alikuwa akikimenya.

"Na mimi?"

"Wewe ulinyonya ukalala. Mtoto mzuri kabisa."

Bustanini kulikuwa kunapigwa mizinga, hapakuchimbika. Berend alimtia kwenye shimo la samadi, akatupa humo na kidani cha jina alichokuwa amevaa shingoni. Kesho yake Wajerumani walifukuza kijiji kizima. Waliporudi mwaka uliofuata, alilifukia shimo, akachimba jingine upande wa pili. Kofia waliikuta kule chumba cha chini, ina viazi vilivyochipua.

"Alikuwa akiita nini?" Wessel aliuliza.

"Mtu mwenye homa anaita tu." Dina aliinuka akawasha jiko chini ya birika lisilo na maji.

"Na ulipomnyooshea Winnie mkono kanisani, ulishajua?"

"Nilijua. Niache, mwanangu." Wessel akadhani alikisoma kile kidani.

Baadaye alimshika mwanawe mkono kwa vidole vilivyolowa. "Mpe kaka yake. Mpe na mahali alipo, ni haki yake. Lakini mpe kaka aliyekufa kwa risasi, upesi, asiyejua kitu. Wewe ndiye bingwa wa kofia hizi, atakuamini kuliko atakavyoliamini kaburi. Mtungie, Wessel. Mara hii moja tu."

Wessel hakulala vizuri mpaka Winnie anafika. Maisha yake yote alikuwa amewaaibisha watu kwa jambo lile lile alilokuwa akijiandaa kulifanya. Lakini alifikiria yale mapafu, na ule mto, akaona kwamba kuna ukweli ambao hata wewe msomaji usingemletea bibi mgonjwa na mkoba wake.

Winnie alifika akishikwa mkono, mdogo ndani ya koti lake. Alikataa kulala kwanza. "Nionyeshe," alisema, kwa sababu uso wa Wessel haukujua kuficha. Akamketisha kwenye kiti nyuma ya banda, karibu na mwaridi, na jua la alasiri likiwa bado lipo, akamwekea kofia mapajani.

Winnie alilitazama jina kwa muda mrefu. Aligusa herufi ya kwanza, akagusa ya mwisho.

"Hii P ni yake," alisema. "Hakuwahi kuifunga vizuri. Mwalimu alimchapa kwa ajili ya hii P."

"Ilikuwa bandani kwetu, Shangazi. Muda wote. Baba aliiweka. Len alipigwa risasi ya kichwa hapa uani, akafa pale pale, hakuhisi kitu. Baba akamzika hapa, haraka haraka, kisha akaogopa kusema kwa sababu alikuwa ameifanya kofia upawa. Aliona haya." Alinyoosha kidole. "Yuko chini ya mwaridi wako."

Alilisema vizuri. Alikuwa amelikariri. Winnie alifumba macho, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, akanyoosha mkono akalikamata shina la mwaridi lenye miiba kama anayeshika mkono wa mtu. Wessel alishukuru. Alidhani limekwisha.

Lakini ule mkono mwingine ulikuwa bado kwenye kofia, nao ulikuwa mkono wa mpishi. Vidole vilitembea. Vilizunguka ukingo, vikapanda utosini, vikashuka ubavuni mpaka kwenye matundu mawili ya mpini, vikaingia ndani, vikatoka.

"Risasi ilipita wapi?" aliuliza.

"Hapo. Baba aliyatumia matundu hayo hayo."

Winnie alifungua macho. "Mwaka ule ulinionyesha kofia iliyopigwa risasi. Chuma kilipasuka kikainama ndani, kama bati la kopo. Ukaniwekea kidole changu hapo nikajikata." Aliigeuza kofia kwenye mwanga. "Haya yametobolewa kwa keekee. Yote mawili sawa sawa. Hakuna kingine. Hata mbonyeo hakuna, Wessel."

"Shangazi..."

"Isome, usiisimulie. Nani alinifundisha hivyo?" Sauti yake haikupanda. "Nimekuja nikiwa nusu maiti. Usinifanye mjinga. Kaka yangu alikufaje?"

Wessel alipiga magoti kwenye ile ardhi nyeusi akamwambia. Alimwambia tumbo, na chumba cha chini na mtoto mchanga aliyekuwemo, na kule kuita, na viatu juu ya vichwa, na bomu la nyumba ya ng'ambo, na mto. Alimwambia nani alishika miguu. Alimwambia na samadi, kwa sababu alishindwa kujua aachie wapi. Alipomaliza alikuwa akilia kwa sauti, mwanamume wa miaka hamsini.

"Na yule mtoto ni wewe," Winnie alisema.

"Ni mimi."

Hakumgusa. Alijiinua kwa kushika kiti, akaichukua kofia, akaenda jikoni kwa hatua fupi fupi, akisimama mara kwa mara kuvuta pumzi. Wessel alimfuata.

Dina alikuwa ameandaa meza: mkate, jibini, vikombe, kopo la biskuti. Safari hii kopo lilikuwa wazi. Alipoiona kofia mikononi mwa Winnie na uso wa mwanawe nyuma yake, aliweka kisu chini, akakaa na mikono juu ya meza, kama mtu anayesubiri kufungwa pingu.

Winnie aliketi kwenye kiti chake cha miaka yote. "Nina swali moja tu," alisema. "Wessel anasema alikuwa akiita. Alikuwa akiita nini?"

"Winnie, dada yangu, usiniulize."

"Nakuuliza."

"Homa tu ilikuwa."

"Dina."

Birika lilikuwa juu ya jiko, lakini safari hii Dina hakuinuka.

"Alikuwa akikuita wewe," alisema. "Winnie. Winnie. Hakuna neno jingine lililomtoka. Tulipomziba mdomo, bado. Mchungaji alipolianza jina hilo kanisani, mkono wangu ulikwenda juu wenyewe. Halafu jioni ile ile ukatusimulia hadithi yako ya giza, ukacheka, nikajua kwa nini hakunyamaza. Alikuwa akikungoja."

Winnie alikuwa ameifunga mikono kuizunguka kofia, na pumzi yake ilikoroma. Wessel alidhani atafia pale pale kitini. Kisha aliinuka.

"Mlango wa chini uko wapi?"

"Ni ule wa karibu na kabati," Dina alisema kwa sauti ndogo. "Ngazi ni mbaya. Wessel, mwashie taa."

"Asiwashe."

Alishuka peke yake, kipago kwa kipago, mkono mmoja ukutani, mwingine umeikumbatia kofia, mpaka giza likamfunika kichwa chake cheupe. Walimsikia akiburuta kreti la viazi. Walimsikia akiketi. Kwa kitambo walisikia pumzi yake tu.

Halafu akaita.

"Len!" Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula, ila imechanika katikati. "Len, nimekuja! Niko hapa! Len!"

Dina aliziba mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili na kuinamia meza. Wessel alisimama juu ya ngazi ameshika mwimo wa mlango. Kule chini bibi aliendelea kuita, akipumzika, akiita tena, kwa nguvu zote zilizobaki kwenye yale mapafu, mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Safari hii hakuna aliyeshuka kumnyamazisha.